Dhana nilizopanda nazo basi kwenda Chichén Itzá

Tulitoka Cancún, mji wa pwani ya Meksiko, saa kumi na moja alfajiri, bado giza, watu ishirini na kitu ndani ya basi dogo. Kabla hatujauacha mji, mwongoza watalii alishika kipaza sauti akatuambia tunakwenda kuona magofu ya Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, "watu waliotoweka". Baada ya muda tukasimama kituo cha mafuta. Dereva akashuka, akapiga simu, na mimi niliyekuwa nanyoosha miguu karibu yake nikasikia lugha ambayo haikuwa Kihispania. Ilikuwa na vituo vya ghafla katikati ya maneno, kama mtu anayekata pumzi na kuiachia. Alipomaliza nikamuuliza alikuwa anaongea na nani. Na mama yake, akasema. Kwa lugha gani? "Maya," akajibu, akarudi kwenye usukani. Tulipoondoka, kipaza sauti kiliendelea palepale kilipoishia: walikwenda wapi, hakuna ajuaye.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikipita Tongoni, kwenye msikiti wa mawe uliobaki kuta na makaburi yenye nguzo, na tangu utotoni nimesikia wageni wakielezana kwamba waliojenga pale walikuwa watu wengine, walikuja wakaenda zao. Wavuvi wanaoishi hatua chache kutoka kwenye makaburi hayo husikiliza tu. Ndiyo maana maneno yale ya alfajiri yalinichoma. Nayaandika hapa yale niliyokwenda nayo kichwani, na yale niliyouziwa njiani, pamoja na ukweli wake, kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuifanya ziara hiyo ya siku moja: magofu asubuhi, kuogelea mchana, kurudi jioni.

"Wamaya walitoweka"

Wapo mamilioni. Wanaishi Meksiko, Guatemala, Belize na Honduras, na wanazungumza lugha zipatazo 30 za asili moja. Wengine husikilizana kama Mbondei na Msambaa wanavyosikilizana, wengine lugha zao zimeachana mbali mno. Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya. Kimaya cha Yucatán, rasi ya Meksiko uliko Chichén Itzá, hicho alichokuwa akizungumza dereva na mama yake, kilikutwa na sensa ya Meksiko ya 2020 kikiwa na wazungumzaji zaidi ya 770,000. Rigoberta Menchú, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992, ni Mmaya wa K'iche', kabila la Guatemala.

Kilichotokea kweli ni hiki. Katika karne ya 8 na ya 9, miji mikubwa ya kusini, kama Tikal na Palenque, ilianza kuporomoka. Wafalme wakaacha kusimamisha mawe ya kumbukumbu, wajenzi wakaacha kazi katikati, watu wakahama kidogo kidogo. Wachimbuzi wa mambo ya kale wanataja ukame wa miaka mingi uliorudi tena na tena, vita kati ya mji na mji, na mashamba yaliyochoka. Lakini wakati kusini kunashuka, kaskazini kulikuwa kunapanda, na aliyepanda kuliko wote ni huyohuyo Chichén Itzá. Alipofifia, akashika Mayapán. Wahispania walipokuja katika karne ya 16 walikuta watu, masoko, falme na vita vyao. Mji wa mwisho wa Kimaya uliokuwa huru, Nojpetén, uliokuwa kisiwani katika ziwa la Guatemala ya leo, haukuanguka mpaka 1697. Na waliokuwa wakiutawala walijiita Waitza, jina lilelile lililomo ndani ya Chichén Itzá.

Hilo jina lenyewe lisikupite. *Chi'* ni mdomo. *Ch'e'en* ni kisima. Mdomoni pa kisima cha Waitza. Mtoto wa kijiji chochote cha jirani anakutafsiria bila kamusi, kwa sababu ni maneno anayoyatumia nyumbani kwao kila siku.

Na historia haikukoma 1697. Mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán waliinuka dhidi ya mabwana wa mashamba, na vita vile havikutangazwa kumalizika mpaka 1901. Watu waliotoweka hawapigani zaidi ya miaka hamsini.

"Walijenga wengine"

Hapa wageni wana orodha ndefu: viumbe wa anga, Wamisri, watu wa bara lililozama, Waazteki. La Waazteki angalau lina jibu fupi. Mji wao mkuu, Tenochtitlan, ulianzishwa 1325, mbali kabisa, kwenye nyanda za juu za Meksiko, wakati enzi ya Chichén Itzá ilikuwa imeshapita. La Wamisri pia si gumu. Piramidi kubwa ya Giza ina umri wa zaidi ya miaka 3,000 kuliko ile ya Chichén Itzá, na kazi yake si moja. Ile ya Misri ni kaburi lililofungwa. Hii ni jukwaa la hekalu, lina ngazi pande zote nne ili watu wapande na kushuka. Yapo makaburi ndani ya piramidi za Wamaya, maarufu zaidi likiwa la mfalme K'inich Janaab Pakal wa Palenque, aliyetawala kuanzia 615 hadi 683. Kifuniko cha kaburi lake ndicho watu wanachokionyesha wakidai ni mtu anayeendesha chombo cha anga. Mle mna mfalme anayeangukia ulimwengu wa wafu, na juu yake umesimama mti wa ulimwengu. Michoro ya namna hiyo ipo mingi Palenque, na maandishi yaliyouzunguka mfuniko huo yanasomeka.

Ndiyo, yanasomeka. Wengi bado wanadhani ni mafumbo. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, kasisi Mhispania Diego de Landa alichoma hadharani vitabu vya Wamaya. Vilivyosalia duniani ni vinne tu: viwili vinaitwa kwa majina ya Dresden na Madrid, kimoja kwa jina la Paris, na cha nne kiko Meksiko kwao, kikathibitishwa 2018 kuwa ni cha kweli. Landa huyohuyo aliandika maelezo juu ya herufi zao, na maelezo hayo ndiyo yaliyomsaidia Mrusi Yuri Knorozov kuonyesha mwaka 1952 kwamba alama zile zina sauti za silabi ndani yake. Mwaka 1960 mtafiti Tatiana Proskouriakoff akaonyesha kwamba maandishi ya mawe ni habari za watu: fulani alizaliwa siku fulani, akatawazwa, akamteka fulani. Leo majina ya wafalme wao tunayatamka.

Mtu wa pwani akisikia "walijenga wengine" hahitaji kufafanuliwa. Gedi, Kilwa, Tongoni, zote zimewahi kuandikwa kuwa kazi ya wageni kutoka ng'ambo, wakati nyumba za mawe ya matumbawe zilijengwa na Waswahili, wakazikwa hapo, na wajukuu zao wako hapo. Yucatán nayo ilipitia hayo. Msafiri John Lloyd Stephens, aliyezunguka magofu yale na mchoraji Frederick Catherwood kati ya 1839 na 1842, aliandika waziwazi kwamba wajenzi walikuwa mababu wa watu aliowakuta wakiishi palepale. Miaka karibu mia mbili imepita, na kipaza sauti cha basi bado kinauliza walikwenda wapi.

Ukitaka ushahidi wa macho, njiani angalia nyumba za vijijini: umbo la yai, kuta za fito, paa la majani ya mnazi mwitu lililosimama kwa mwinamo mkali ili mvua iteleze. Zinafanana na za makuti mpaka unataka kupiga hodi. Nyumba hiyohiyo imechongwa kwenye jiwe katika lango la Labná, magofu mengine ya Yucatán, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita.

Juu ya piramidi yenyewe

Waswahili wengi wanaokwenda huwa na picha ya kupanda mpaka juu. Haipandwi. Ngazi zimefungwa kwa karibu miaka ishirini sasa, baada ya watu kuanguka na mawe kulika. Utaizunguka kwa chini, kwenye uwanja mpana usio na kivuli, kwa hiyo kofia na maji ni lazima.

Piramidi hiyo, hekalu la Kukulkan, nyoka mwenye manyoya, ina vidato 91 kila upande. Mara nne ni 364, ukijumlisha na jukwaa la juu unapata 365. Hii si hadithi ya watalii, hesabu imo kwenye jengo. Mwaka wao wa jua ulikuwa na miezi 18 ya siku ishirini ishirini, na siku tano za mwisho zilizohesabiwa kuwa nzito. Nilipoambiwa hivyo nikawakumbuka wazee wa pwani waliohesabu mwaka wa siku 365 kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, ili wajue lini pepo zinageuka na lini pa kupanda. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Anayelima na anayesubiri mvua hulazimika kuhesabu.

Wanasema pia nyoka wa mwanga huonekana siku moja tu. Ni kweli kwamba karibu na 20 Machi na 22 Septemba, mchana na usiku vinapolingana, jua la alasiri huchora pembetatu za mwanga kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini, zikashuka mpaka kwenye kichwa cha nyoka cha jiwe kilichoko chini. Lakini huonekana siku kadhaa kabla na baada ya hapo, na kukiwa na mawingu huoni kitu. Siku yenyewe watu hujaa mpaka huoni ngazi. Kama kwako huyo nyoka ni muhimu, nenda siku mbili tatu kabla.

Ukipiga kofi moja mbele ya ngazi, mwangwi unarudi kama mlio wa ndege, kwi-uu, na waongozaji husema ni mlio wa ketsali, ndege mtukufu wa Wamaya. Sauti ni hiyo kweli, niliipiga mara tano. Inatokana na kila kidato kurudisha sauti kwa kuchelewa kidogo kuliko cha chini yake. Kama wajenzi walikusudia, wataalamu bado wanabishana, kwa hiyo asikuuzie mtu kama jambo lililothibitishwa.

Jambo ambalo sikulijua kabisa: ndani yake mna piramidi nyingine. Ilichimbuliwa katika miaka ya 1930, na humo kikakutwa kiti cha umbo la chui wa huko, chekundu, chenye madoa ya jiwe la kijani. Mwaka 2016 vipimo vya umeme vikaonyesha ya tatu, ndogo zaidi, ndani ya hiyo ya pili. Walijenga juu ya waliyoyajenga.

"Walitupa mabikira kisimani, na mshindi wa mpira alikatwa kichwa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uongo na ukweli vilipokorogana zaidi.

Kafara ya watu ilikuwepo. Anayekana anapoteza muda wake. Kaskazini mwa piramidi kuna njia nyeupe iliyonyooka, na mwisho wake ni Senote Takatifu, shimo la mviringo la upana wa kama mita 60, kuta wima, maji ya kijani chini kabisa. Mmarekani Edward Thompson, aliyekuwa amenunua shamba lililokuwa na magofu hayo, alianza kulikwangua mwaka 1904 kwa ndoo ya chuma. Akatoa dhahabu, vito vya kijani, ubani na mifupa ya watu, na vingi akavipeleka Chuo Kikuu cha Harvard. Baadhi vilirudishwa Meksiko miaka mingi baadaye. Lakini mifupa ile ni ya wanaume, wanawake na watoto. Hadithi ya mabikira warembo ilipendwa kwa sababu inauza magazeti, haikutoka kwenye mifupa. Na mfupa hausemi nani alikuwa bikira.

Kisha, mwaka 2024, ukachapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watoto 64 waliokutwa kwenye hifadhi ya maji ya chini ya ardhi, karibu na senote hiyo. Wote 64 walikuwa wavulana. Wengi walikuwa na umri wa kati ya miaka mitatu na sita. Wapo waliokuwa ndugu wa karibu, na humo mna pacha wa kufanana wa aina moja, jozi mbili. Katika simulizi takatifu za K'iche' mapacha wanashuka kuzimu kushindana na mabwana wa mauti, na watafiti wanaona uhusiano. Mimi nilipolisoma hilo sikuweza kuendelea mara moja. Watoto wa miaka mitatu.

Kuna sehemu ya utafiti huo ambayo waongozaji hawaisemi. Ili kulinganisha, watafiti walikwenda kwa wakazi wa Tixcacaltuyub, mji mdogo wa Wamaya kusini-magharibi mwa hapo, wakaomba ruhusa, wakachukua vipimo, wakarudi kuwaeleza majibu. Majibu ni kwamba wale watoto na wakazi wa leo ni ukoo mmoja. Sasa fikiria mkazi wa pale akisikia kwamba watu wake walitoweka.

Kuhusu mpira: uwanja wa Chichén Itzá una urefu wa takriban mita 168, ndio mkubwa kuliko wote unaojulikana. Walicheza kwa mpira mzito wa utomvu wa mti, wakiupiga kwa nyonga. Ukutani amechongwa mchezaji aliyekatwa kichwa, damu inaruka kutoka shingoni ikiwa na umbo la nyoka. Lakini hakuna neno lililoandikwa pale kusema huyo ni mshindi au mshindwa. Yule anayekuambia kwa uhakika kwamba aliyeuawa ni kapteni wa washindi, kwa heshima, anakupa nadharia yake. Viwanja vya namna hiyo vimekutwa zaidi ya elfu moja, hata kwenye miji midogo, na si kila mechi iliishia kwa upanga. Watu walicheza, wakaweka dau, wakashangilia. Sinaloa, kaskazini-magharibi mwa Meksiko, mchezo wa nyonga unachezwa mpaka leo.

Shimo la kuogelea

Wengi hudhani tunaogelea kwenye Senote Takatifu. Hapana, ile hairuhusiwi kuguswa. Ziara nyingi zinakwenda Ik Kil, kilomita tatu hivi kutoka kwenye magofu, au nyingine za karibu na mji wa Valladolid. Neno *senote* limetoka kwa Wahispania walioshindwa kutamka *ts'ono'ot* ya Kimaya.

Ik Kil ni shimo la duara. Unashuka ngazi zilizochongwa ndani ya mwamba, zenye utelezi, kama mita 26 chini ya uso wa ardhi. Mizizi ya miti ya juu inaning'inia mpaka kwenye maji kama kamba za ngalawa. Ukitazama juu unaona duara la anga na ndege wanazunguka. Maji ni ya buluu iliyokolea, ya ubaridi unaokukata pumzi sekunde ya kwanza kisha mwili unazoea. Kambare wadogo weusi wanapita chini ya miguu yako na hawakushughulikii.

Watu huambiwa senote haina mwisho. Ik Kil ina kina cha mita 40 na kitu. Sisi Tanga tunalo la kwetu: wazee wa Amboni husimulia kwamba ukiingia mapangoni na kuendelea utatokea Mombasa. Amboni ni mwamba wa chokaa kama Yucatán, na maji ndiyo yaliyoyachimba mapango ya pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Yucatán wazamiaji wamepima kweli. Mwaka 2018 walitangaza kwamba mapango mawili ya chini ya maji, Sac Actun na Dos Ojos, yameungana, na jumla yake ni kilomita 347. Katika mfumo huohuo wazamiaji walikuta mwaka 2007 mifupa ya msichana aliyekufa zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, wakati mapango hayo yalikuwa makavu.

Wengine husema senote zilichimbwa na kimondo kilichoua dinosaria. Kimondo kilianguka kweli, miaka milioni 66 iliyopita, pale Chicxulub, kikaacha shimo la upana wa kilomita 180 hivi ambalo sasa limefukiwa. Lakini senote ni kazi ya mvua: maji yanapenya kwenye chokaa, yanakula mwamba polepole, pango linapanuka, dari linaporomoka. Kimondo kilichofanya ni kuuvunja mwamba wa chini, na kwenye ukingo wa shimo lake senote nyingi zimejipanga duara. Chichén Itzá na Ik Kil ziko nje ya duara hilo.

Dhana iliyo mbaya kuliko zote, na hii naomba usome taratibu, ni kwamba yale ni maji yaliyotuama, kama bwawa la hoteli, na mafuta yako ya kuzuia jua yataishia hapo. Kaskazini mwa Yucatán hakuna mito juu ya ardhi. Maji yote yako chini, maji baridi yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na yanatembea kupitia mapango mpaka baharini. Maji unayoogelea ndiyo wanayokunywa watu wa kijiji kinachofuata. Ndiyo sababu unalazimishwa kuoga bombani kabla ya kuingia. Baadhi ya wenzangu kwenye basi walijimwagia maji mabegani tu na kupita, na mafuta yao niliyaona yakielea dakika mbili baadaye. Oga kweli, kwa mikono, sugua shingo na miguu. Afadhali uvae shati la mikono mirefu ukiwa magofuni usipake chochote. Nusu saa moja ya kuogelea haistahili kuwa deni la mtu mwingine.

Wenyeji wanalijua hilo kuliko sisi. Huko Homún, mji wenye senote nyingi, lilipojengwa banda la nguruwe 49,000, watoto wa mji walipeleka kesi mahakamani kuyatetea maji yao, na mwaka 2018 jaji akasimamisha shughuli za banda hilo. Reli mpya, Tren Maya, iliyozinduliwa Desemba 2023, nguzo zake zimetoboa mapango katika sehemu moja ya njia, na wazamiaji walipiga kelele sana juu ya hilo.

Kama hujui kuogelea, usidanganyike na utulivu. Hakuna kina kifupi cha kusimama. Vaa jaketi la kujiokolea, hakuna aibu. Nilimwona baba mmoja akimwambia mwanawe alivue ili picha itoke vizuri, na mlinzi akamkatalia. Alifanya vyema.

Kuhusu 2012

Wengi walidai kalenda ya Wamaya ilitabiri mwisho wa dunia. Dunia haikwisha tarehe 21 Desemba 2012, na Wamaya hawakuwahi kusema ingekwisha. Siku ile ilitimia baktuni ya 13 ya hesabu yao ndefu, kila baktuni ikiwa siku 144,000. Kipindi kikatimia, kingine kikaanza. Palenque lipo andiko linalotaja tarehe ya mwaka 4772.

Mambo ya ziara yenyewe

"Siku moja inatosha." Inatosha kuona, kama unajua siku inavyotumika. Kutoka Cancún ni kama kilomita 200. Ziara yetu ilisimama kwanza kwenye duka kubwa la vinyago, tukawekwa pale karibu saa nzima, na magofuni tukapewa saa moja na nusu. Sikulifurahia hilo hata kidogo. Uliza kabla hujalipa: tutakaa magofuni muda gani, na kuna vituo vingapi vya maduka? Lango linafunguliwa saa mbili asubuhi, na saa mbili ile ni baridi, tulivu, bado hakuna msururu. Kumbuka Cancún iko saa moja mbele ya jimbo la Yucatán, kwa hiyo kwenda unaongezewa saa, kurudi unaporwa. Na tiketi za kuingia ni mbili, ya serikali kuu na ya jimbo. Kama ziara yako inasema "kila kitu kimelipwa", hakikisha zote mbili zimo.

Wapo watakaokuambia wachuuzi waliojaa ndani ni wavamizi wanaoharibu mandhari. Wengi wao wanatoka Pisté na vijiji vya jirani, na wazazi wao ndio walioshika majembe magofu yalipofukuliwa. Mpaka 2010 ardhi ya katikati ya Chichén Itzá, na piramidi juu yake, ilikuwa mali ya familia moja, ndipo jimbo likainunua. Hao wachuuzi hawakuwa na hisa. Nunua kitu kwa mwenye kuchonga mwenyewe, utamjua kwa vumbi la mbao kwenye mikono.

Chakula cha mchana: chakula maarufu ni *cochinita pibil*, na ndugu Waislamu waelewe kwamba cochinita ni nguruwe. Neno *pibil* lenyewe ni kuokwa shimoni, si nyama. Ipo ya kuku, *pollo pibil*, iombe hiyo. Wekundu wake ni wa mbegu za mzingifuri, zilezile unazoonyeshwa kwenye mashamba ya viungo Unguja, na asili yake ni huko Amerika. Mama aliyekuwa akichoma chapati za mahindi alinionyesha mahindi yaliyochemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Nikashika punje moja: ganda limelegea, kiini laini, harufu kama ya ukuta mpya. Chokaa hiyo huachilia vitamini ambayo mahindi makavu huibana. Mahindi yalifika kwetu kutoka bara hilo, hiyo ya chokaa haikufika nayo.

Wakati wa kurudi nilihamia kiti cha pembeni mwa dereva. Jua lilikuwa linazama nyuma yetu, na nje ya dirisha ikaonekana safu ya majani marefu ya kijivu, yenye miiba ya ncha. Nikasema kwa sauti, mkonge. Akauliza nini. Nikamweleza kwamba mkonge wa Tanga ulitoka kwao: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kupitia Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, na kutoka hiyo zikaja shamba baada ya shamba. Hata jina la kidunia, sisal, ni la bandari yao ndogo kwenye pwani ya Yucatán. Hilo la bandari alilijua, la Tanga hakulijua. Akasema babu yake alikata majani hayo kwenye mashamba ya mabwana. Nikamwambia wangu alikata Pongwe.

Akaachia mkono mmoja usukani, akanionyesha hewani jinsi babu yake alivyokuwa akiuondoa mwiba wa ncha kabla ya kulikata jani. Nikamwonyesha wa kwetu. Mkono ulikwenda vilevile.

Tulipofika Cancún, saa ikiwa imerukia mbele, nilimwomba anifundishe salamu moja ya lugha ya mama yake. *Bix a beel?* Akanifafanulia: njia yako ikoje? Jibu lake ni *ma'alob*, nzuri. Nikarudia mara tatu mpaka akaridhika na ile pumzi ya kukatwa katikati.